Kibao cha milimita 25 kilichonitoa ushamba

Nianze kwa kukiri kwamba miaka miwili ya kwanza ya hii kazi mi nilikuwa naziona sampuli za rejea, yaani vile vipande ambavyo namba yake inajulikana tayari na mashine inalinganishwa navyo, kama urembo tu wa maabara, kitu cha kuwaonyesha wakaguzi wakija, unafungua kabati, unawaonyesha kibao kimefungwa kwenye nailoni na cheti chake pembeni, wanaitikia kwa kichwa, wanaandika kwenye fomu zao, wanaondoka. Kazi yenyewe nilijua iko kwenye mashine. Mashine ina skrini, inatoa namba zenye desimali nne, sasa kipande cha nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa gundi kitaifundisha nini mashine kama ile?

Kwa ambaye hajui tunafanya nini, tunapima joto linavyopita ndani ya vitu vigumu. Sheria yenyewe ni ya Fourier, yule Mfaransa, aliichapisha 1822 na mpaka leo ndiyo hiyohiyo: chukua kitu, upande mmoja uwe wa moto upande wa pili uwe wa baridi, joto litakalopita litategemea tofauti ya halijoto, ukubwa wa eneo, unene, na namba moja ambayo ni ya kitu chenyewe. Hiyo namba ya mwisho ndiyo tunaitafuta, upitishaji joto, inaandikwa kwa wati kwa mita kwa kelvini, mi hapa nitataja namba tu ili tusichoshane. Shaba ni kama 400. Alumini safi 237. Chuma safi karibu na 80, chuma cha pua kama 15 tu, na hapo wengi hushtuka maana wanadhani chuma ni chuma. Kioo kile cha vyombo vya maabara 1.1, maji 0.6, plastiki ngumu inayopitisha mwanga kama kioo 0.19, vibao vya nyuzi za kioo na mapovu ya kuzuia joto 0.03 na kidogo, hewa iliyotulia 0.026. Kutoka hewa mpaka shaba ni zaidi ya mara elfu kumi na tano, kwa hiyo ukisikia mtu anakwambia ana mashine moja inapima vyote kwa usahihi uleule muulize maswali.

Mashine yetu ya kwanza ilikuwa ya aina rahisi. Pleti mbili, ya juu ya moto ya chini ya baridi, sampuli katikati, na kwenye pleti kuna kihisi chembamba kinachotoa volti kidogo sana joto likipita. Sasa hapa ndo pa kusikiliza vizuri, kile kihisi hakijui wati ni nini, kinajua volti basi. Kinachogeuza volti kuwa wati ni namba moja tunaita kigezo, na kigezo hicho hakitoki kiwandani wala mbinguni, kinatoka kwenye ile sampuli ya rejea uliyoiweka siku ya kukalibreti: umeweka kitu ambacho upitishaji wake unajulikana, umesoma volti, umepiga hesabu kinyumenyume, umepata kigezo. Kuanzia hapo kila sampuli utakayopima inalinganishwa na kile kibao, upende usipende. Kibao kikiwa na kasoro, kila ripoti unayotoa inatembea na kasoro hiyo.

Kuna mashine nyingine ambazo hazihitaji kulinganishwa na kitu, hizo unapima umeme unaoingia kwenye hita, unajua wati moja kwa moja, na pembeni mwa hita kunakuwa na fremu ya ulinzi inayowekwa kwenye halijoto ileile ili joto lisikimbilie kwenye kingo, lipite wima tu kama unavyotaka. Huko ndiko vinakopimiwa vile vibao vya rejea kabla havijapewa cheti. NIST, taasisi ya vipimo ya Marekani, wanayo moja kule Gaithersburg pleti yake ni ya mviringo, kipenyo kama mita moja, na ndiyo iliyotumika kwa vibao vyao vya karibuni vya nyuzi za kioo vya familia ya 1450. Ulaya kuna kibao kinaitwa IRMM-440, kilitoka taasisi ya Geel kule Ubelgiji, nacho ni nyuzi za kioo. Sisi hatukuwa na mtambo kama ule, tulikuwa na ile ya kulinganisha, kwa hiyo kibao ndo kilikuwa macho yetu.

Na mi nikakibonyeza.

Sikujua kama nimekibonyeza. Ilikuwa hivi, kile kibao unene wake kwenye cheti ulikuwa milimita 25.4, na mashine ya zamani ile unene ulikuwa unauandika mwenyewe kwa mkono, haijipimii. Pleti ya juu inashuka kwa skrubu na unatakiwa uweke vizuizi vidogo kwenye pembe nne ili isishuke kupita unene wa sampuli. Kwa kibao kigumu haina shida, kwa kibao cha nyuzi ni shida kubwa maana kinabonyea kama godoro. Siku moja nina haraka, vizuizi sivioni, nikasema pleti nitaisimamisha kwa jicho. Nikashusha, nikaona imegusa, nikaongeza kidogo ili igusane vizuri, si wanasema mgusano mbaya unaharibu kipimo? Nikapima, nikatoa, nikarudisha kabatini. Kibao kikawa kimebaki na milimita 24.6 na hakikurudi tena, kwa macho huwezi kuona, ni chini ya milimita moja.

Baada ya hapo kila kalibresheni naandika 25.4 kama cheti kinavyosema, nitaandika nini kingine.

Piga hesabu uone. Kibao chembamba kinapitisha joto zaidi kwa tofauti ileile ya halijoto, kwa hiyo volti zinapanda, ila mimi naiambia mashine kwamba kibao ni kinene, kwa hiyo mashine inaamini joto lililopita ni dogo kuliko lilivyo kweli, inapunguza kigezo kwa kama asilimia 3, na kuanzia hapo kila sampuli ya mteja inasomeka asilimia 3 chini. Na hata ningeandika 24.6 bado kuna tatizo la pili, kibao kilichobonyea kimekuwa kizito zaidi kwa ujazo uleule, na kwenye vile vibao vya nyuzi cheti huwa kinatoa mlinganyo wenye uzito wa ujazo ndani yake pamoja na halijoto, kwa hiyo hata namba ya cheti ilikuwa haituhusu tena.

Sasa kilichoniuma zaidi baadaye ni hiki. Tuliendelea hivyo miezi mitatu na hakuna aliyelalamika! Wateja wetu wengi wanauza vifaa vya kuzuia joto, na kwenye biashara hiyo namba ndogo ndo nzuri, kwa hiyo kosa letu lilikuwa linawapendeza. Mteja ambaye kibao chake kweli ni 0.0355 tulikuwa tunampa 0.0344, naye mpaka wake ni 0.035, anafurahi, analipa, anarudi na kingine. Lingekuwa kosa la upande wa pili simu ingelia wiki ya kwanza. Mpaka leo ripoti ikimfurahisha sana mteja mi naingiwa na wasiwasi, yaani narudi kuangalia.

Na marudio yetu yalikuwa mazuri mno, ndo maana tulilala. Unapima sampuli leo unapata 0.0344, kesho 0.0344, wiki ijayo 0.0345. Mi nilikuwa naonyesha watu kwa majivuno kabisa, tazama mashine ilivyotulia. Kumbe kurudia namba ileile na kuwa sahihi ni vitu viwili havijuani, saa iliyoko nyuma dakika kumi nayo iko nyuma dakika kumi kila siku bila kukosea.

Aliyegundua ni mzee wetu mmoja, fundi mkuu, alikuwa likizo ndefu akarudi. Yeye alikuwa na tabia ya kuweka kibao cha pili, cha povu la polistairini, si cha cheti, ni kile tu alichokipima mwenyewe miaka nyuma mara baada ya kukalibreti na kibao kizuri, akakiandikia historia yake kwenye daftari. Asubuhi ya kwanza kakiweka kwenye mashine, kasubiri, kasoma, kanyamaza. Afu akaniita.

"Kijana, hiki kibao changu kimekuwa kizuri nilipoondoka au wewe umekuwa mbaya?"

"Mzee mashine iko sawa, nimekalibreti juzi tu."

"Na nini?"

Nikamletea kibao. Hakukiangalia cheti hata kidogo, alichukua kalipa akapima unene sehemu tano, katikati na pembe nne, na kila akipima ananitajia namba bila kuniangalia. 24.6, 24.5, 24.7. Nilitamani ardhi ipasuke.

Ripoti zote za miezi mitatu tuliziandika upya na kuwapigia wateja mmoja mmoja. Sitasema zaidi hapo, ila wale waliokuwa chini kidogo ya mpaka wao wakajikuta juu yake, na hakuna hata mmoja aliyenishukuru kwa uaminifu.

Basi nikadhani somo limeisha: pima unene, tumia vizuizi, vaa glovu, usikibane. Lilikuwa ndo linaanza.

Mwaka uliofuata tukaanza kuletewa vitu vigumu zaidi, plastiki, kioo, vigae. Mashine ileile, kalibresheni sasa hivi ni safi, kibao kipya, unene nimepima mwenyewe. Nikaweka pleti ya plastiki ile ya uwazi, milimita 10, kila kitabu kinasema kama 0.19, mi napata 0.177. Nikaweka kioo cha milimita 20, kinatakiwa 1.1, napata 0.9. Nikarudisha kibao cha nyuzi, kiko sawasawa kabisa na cheti. Mashine inasema kweli kwa kibao na inasema uongo kwa kioo, siku moja, saa moja!

Nilikaa na hiyo kitu siku kadhaa mpaka nikachukua karatasi nikaacha kuwaza upitishaji nikaanza kuwaza ukinzani, yaani unene ugawanye kwa upitishaji. Kibao cha nyuzi milimita 25 na 0.033, ukinzani wake ni kama 0.76. Plastiki yangu 0.053. Kioo 0.018. Sasa kati ya pleti na sampuli huwa kuna tabaka jembamba la hewa, maana hakuna nyuso mbili ngumu zinazogusana kweli, zinagusana kwenye vilima vyake tu na mabonde yanabaki na hewa ya 0.026. Tuseme pande zote mbili kwa pamoja hiyo hewa inaongeza ukinzani wa 0.004. Kwenye kibao cha nyuzi 0.004 juu ya 0.76 ni nusu asilimia, nani ataiona. Kwenye plastiki ni karibu asilimia 8. Kwenye kioo 0.018 imekuwa 0.022, na unene wa mita 0.020 gawanya kwa 0.022 ni 0.9, ileile niliyosoma! Nilifurahi kuliko siku niliyopata kazi, sidanganyi.

Kwa hiyo kibao cha rejea kilikuwa hakijadanganya, kilikuwa kinajibu swali lake. Kilithibitisha kwamba mashine inapima vizuri vitu vya aina yake. Mi ndo nilikuwa nimechukua jibu la kibao cha nyuzi nikalipeleka kwa kioo. Na nikisoma vyeti sasa naona vinasema waziwazi, vya karibuni vya familia ya 1450 vinaishia kelvini 280 mpaka 340, ile IRMM-440 ni kutoka digrii 10 chini ya sifuri mpaka 50 juu, nje ya hapo hawakuahidi kitu. Nilikuwa navisoma kama mtu anavyosoma masharti ya programu kwenye simu, shuka chini bonyeza nakubali.

Dawa ya mgusano ziko mbili ambazo tumezitumia. Ya kwanza unaweka mpira laini mwembamba juu na chini ya sampuli, na ndani yake unapitisha thamokapo nyembamba, zile nyaya za kupimia halijoto, zikigusa uso wa sampuli wenyewe, ili usome halijoto ya sampuli na si ya pleti. Ya pili mi naipenda zaidi kwa sababu haihitaji kifaa, unapima vipande viwili vya kitu kilekile vyenye unene tofauti, tuseme milimita 10 na milimita 20, unatoa ukinzani mmoja kwenye mwingine, ule wa mgusano unajifuta maana uko sawa kwa vyote viwili, unabaki na milimita 10 safi. Ila lazima nyuso ziwe zimesawazishwa sawasawa kwenye vipande vyote, kimoja kikiwa na mbonyeo umejidanganya upya.

Halijoto ya wastani, yaani ya katikati ya pleti ya moto na ya baridi, nayo ilinigonga lakini kidogo, niseme tu. Ulaya vifaa vya kuzuia joto vinatangazwa kwa wastani wa digrii 10, Marekani wamezoea 24, na vibao vya nyuzi upitishaji wao unapanda halijoto ikipanda, kwa hizo digrii 14 tofauti inafika asilimia 4 hivi. Watu wawili wanaweza kubishana siku nzima kuhusu kibao kimoja na wote wako sahihi.

Tukaja kwenye mashine ya mwanga wa ghafla. Hii ni dunia nyingine, hupimi wati kabisa. Unachukua kidisko kidogo, unakipiga mwanga mkali wa ghafla upande mmoja, upande wa pili kuna kihisi cha infraredi kinaangalia uso unavyopata joto, unatafuta muda uliochukua kufika nusu ya kilele, afu unachukua 0.1388 mara unene mara unene tena gawanya kwa huo muda. Parker na wenzake watatu ndio walioichapisha 1961. Unachopata ni kasi ya joto kusambaa, na ili upate upitishaji lazima uzidishe kwa uzito wa ujazo na kwa joto mahsusi, yaani joto linalohitajika kupandisha kilo moja ya kitu kwa digrii moja. Ona jinsi unene umeingia mara mbili: ukikosea asilimia 1 kwenye maikromita, umekosea asilimia 2 kwenye jibu. Unene tena! Mi naona unene umeniandama maisha.

Rejea yetu pale ilikuwa Pyroceram 9606, cheupe fulani hivi kati ya kioo na kauri. Historia yake naipenda sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Stookey, mtafiti wa kampuni ya vioo ya Corning, aliweka kipande cha kioo kwenye tanuri la digrii 600, tanuri likagoma kusimama likapanda mpaka 900, akategemea kukuta kioo kimeyeyuka, akakuta kimegeuka cheupe, alipokitoa kwa koleo kikamponyoka kikaanguka sakafuni na hakikuvunjika. Familia nzima ya Pyroceram imetokana na ajali hiyo, na 9606 ikaja kutumika kwenye pua za makombora. Sifa hizohizo ndo zinaifanya rejea nzuri, unaipasha joto unaipoza unaipasha tena, inabaki vilevile. Ulaya wameipa cheti, BCR-724, kutoka kelvini 298 mpaka 1025, kwenye halijoto ya chumba upitishaji wake ni kama 4. Na jambo ambalo wanaoanza hawaliamini, hata hiyo yenye cheti ina mashaka ya kama asilimia 6, yaani namba ya kweli inaweza kuwa juu au chini kwa kiasi hicho. Maabara nzuri kabisa za dunia zimekaa zikaipima na zikakubaliana kwa asilimia 6! Sasa mtu anapokuletea ripoti ya chuma cha pua ina desimali tatu bila kutaja mashaka, mwache amalize kuongea.

Kosa langu kwenye hii mashine lilikuwa la aina ileile, nalo linaniaibisha zaidi kwa sababu nilikuwa nimeshajifunza. Nimehakiki na Pyroceram, imetoka freshi. Nikaingiza shaba ya milimita 2. Shaba safi inatakiwa kama milimita za mraba 117 kwa sekunde, mi napata 108. Narudisha Pyroceram, freshi. Shaba tena, 108. Nikakaa chini, nikakumbuka kioo, nikatoa karatasi. Pyroceram ya milimita 2, ambayo inasambaza kwa 1.9 tu, inafika nusu kwa takriban sekunde 0.29. Shaba ya unene uleule inafika nusu kwa milisekunde 4.7. Sasa mwanga wenyewe wa mashine una muda wake, si wa papo hapo kweli, na juu ya sampuli tunapuliza grafaiti ili inyonye mwanga, na mi nilikuwa nimepuliza kwa moyo mkunjufu, tabaka nene jeusi zuri. Kwenye sekunde 0.29 hayo yote ni kelele za panya darini. Kwenye milisekunde 4.7 ni mtu amehamia nyumbani kwako. Nikasafisha, nikapuliza kidogo tu, nikawasha masahihisho ya urefu wa mwanga, nikachukua kidisko kinene zaidi, shaba ikapanda mpaka 116.

Toka siku hiyo kabla sijachagua rejea najiuliza joto litachukua muda gani humu ndani, sijiulizi tena kama ina cheti kizuri. Ya polepole kwa sampuli za polepole, ya haraka kwa za haraka. Kwa vyuma tukaongeza chuma cha Armco, ambacho ni chuma karibu safi, kipo kwenye 20 hivi kwa hizo milimita za mraba, katikati.

Na Armco nayo ikanipa hadithi. Nilikuwa napima kwa halijoto inayopanda hatua kwa hatua, digrii 100, 200, 300, grafu inashuka taratibu kama inavyotakiwa, nimefika 700 inashuka kwa kasi, karibu na 770 imeporomoka shimoni, afu ikaanza kupanda tena. Nikajua tanuri limekufa. Nilizima, nikafungua, nikabadilisha kihisi, nikapoteza siku mbili. Nikarudia, shimo lilelile pahali palepale. Mzee kapita nyuma yangu kaona skrini kaanza kucheka, kaniuliza sumaku inafanya nini kwenye chuma kikifika hapo. Kumbe 770 ndipo chuma kinapoacha kuvutwa kama sumaku, na karibu na hapo joto mahsusi lake linaruka juu sana, kwa hiyo joto linasambaa polepole. Mashine haikuwa mbovu, ilikuwa inasoma vizuri kuliko mimi. Baadaye nikaona hilo shimo lina faida, likitokea kwenye 745 badala ya 770 basi thamokapo ya tanuri ndo imepotoka, umepata kipimo cha halijoto bure.

Nigusie pia vile vipande vinavyozagaa maabara. Kila maabara ina droo yenye vyuma vimeandikwa kwa kalamu ya maka "rejea, chuma cha pua", hakuna cheti, hakuna aina, hakuna aliyeviandika anayefanya kazi pale tena. Tulikuwa nacho kimoja na watu walikipenda kwa sababu kilikuwa kinang'aa. Vyuma vya pua viko vingi na havifanani, na hata ukijua aina, jinsi kilivyopashwa joto na kupozwa kiwandani kinaweza kubadilisha namba. Tukakipima kwa njia mbili, zikapishana, tukakifanya kizito cha kuzuia mlango. Kinafanya kazi nzuri sana pale mlangoni.

Unyevu nao, jamani unyevu. Hewa 0.026, maji 0.6, zaidi ya mara ishirini, kwa hiyo matone machache ndani ya kibao cha nyuzi yanatosha kukuharibia. Utaijua kwa namba kukataa kutulia, unasubiri saa moja, mbili, tano, inashuka kidogokidogo, kumbe maji yanahama kutoka upande wa moto kwenda upande wa baridi na kila yanapohama yanabeba joto lake. Sampuli za nyuzi tunazikausha kwanza, tunapima uzito, tunakausha tena mpaka uzito usibadilike, ndo ziingie kwenye mashine. Kibao cha rejea nacho hivyohivyo, cheti hakimzuii mtu kukihifadhi vibaya. Na ukiona kibao cha nyuzi cha kawaida kinasoma 0.019 usishangilie, kiko chini ya hewa iliyomo ndani yake, labda kama ni zile silika za unga laini ambazo vitundu vyake ni vidogo kiasi kwamba molekuli za hewa zinagonga kuta kabla hazijagongana zenyewe, hizo kweli zinashuka mpaka 0.02, au paneli za ombwe zinazoshuka chini zaidi. Vinginevyo kuna kosa.

Mzee alistaafu na daftari lake akaniachia. Kile kibao nilichokibonyeza hatukukitupa, kipo kwenye kabati lilelile pamoja na cheti chake cha asili, na mtu mpya akija nampa vyote viwili pamoja na kalipa, namwambia akalibreti mashine, afu natoka nje nikanywe maji. Nikirudi naangalia kisanduku kimoja tu kwenye skrini, kile cha unene. Mpaka sasa wamepita saba. Sita wameandika 25.4.